Mia Sita Nini?

Niseme mapema, kabla sijaanza kujipamba: mzee ninayetaka kumweleza hapa aliachishwa kazi kwa kosa langu. Yeye alilijua, mimi nililijua, na kwa miaka sita hakuna mtu mwingine aliyelijua. Vituko vyake na maneno yake nitayasema pia, maana ni ya kweli, lakini sitaki mtu acheke hadi mwisho ndipo aambiwe.

Tulimwita Mzee wa Mafuta. Kampuni yetu ilikuwa ndogo, ndege tatu za kukodi hapo kiwanja cha mjini Dodoma, bosi mmoja, marubani wachache, mimi karani wa safari, na yeye mjaza mafuta. Jina lake kamili lilikuwa kwenye orodha ya mishahara, na nadhani hata bosi alilionea huko tu. Ukisimama mlangoni ukaita "Mzee wa Mafuta!" angetokea nyuma ya gari la mafuta taratibu, akifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

Kulikuwa na maneno ambayo ukiyatamka mbele yake umejitafutia. La kwanza ni "kama kawaida". Rubani mmoja kijana, ndiyo kwanza ametoka masomoni nje na miwani yake myeusi, alimpungia mkono kutoka mbali: "Mzee, jaza kama kawaida!" Mzee akalaza bomba chini, akaja mpaka ofisini kwangu, akavua kofia.

"Binti, hapa kuna mtu anaitwa Kawaida?"

"Hapana, mzee."

"Basi rubani kaniambia nijaze kama yeye. Mimi simjui. Mwambie amlete aje asaini."

Rubani alirudi jua kali, suti imelowa jasho, akataja lita zake vizuri kama mtoto anayetaja aya ya kipaimara. Tulicheka wiki nzima. Mzee hakucheka. Alikuwa ameshapanda ngazi kupima tangi.

Neno la pili lilikuwa "nadhani". Hilo alilichukia kuliko wezi. "Ukijua, niambie," alikuwa akisema. "Ukidhani, kaa nayo hiyo dhana mpaka ikomae." Siku moja bosi mwenyewe alisema anadhani ndege imerudi na mafuta ya kutosha, mzee akamsikiliza kwa adabu zote, "Ndiyo mkurugenzi, ndiyo mkurugenzi," kisha akaenda kuchukua ngazi. Bosi akabaki amesimama na sentensi yake.

Utaratibu wake tuliuita kusimama bawani. Haukuandikwa katika kitabu chochote cha kampuni, aliuanzisha mwenyewe. Kabla hajafungua bomba, watu watatu lazima tusimame chini ya bawa: rubani, karani na yeye. Rubani anataja namba, anataja kipimo, kisha anataja saa atakazokaa hewani. Mimi narudia. Yeye anarudia. Tukitofautiana hata kidogo, tunaanza upya. Mvua inyeshe, vumbi la Dodoma lipige, abiria wanune, tunaanza upya.

"Ndege haili lita," alisema. "Inakula saa. Niambie saa, nitajua kama hizo lita zako zina akili."

Akimaliza kujaza, anapima tena kwa kijiti. Kila ndege ilikuwa na kijiti chake chenye alama, na alivifungia kabatini kama mtu anavyofungia vyombo vya wageni. Kisha anakinga mafuta kidogo kutoka chini ya tangi kwenye chupa ya kioo, anainua juani, anatazama kama kuna maji yamekaa chini, ananusa. Masika alikinga mara tatu. Marubani walimwambia, "Mzee, unaonja au unapima?" Akajibu, "Nikionja nitakufa mimi. Nisipopima mtakufa nyie. Chagueni."

Sasa huyo huyo mtu, jamani, pikipiki yake ilikuwa inakauka mafuta njiani karibu kila wiki. Alikuwa anaishi Nkuhungu, na mimi nilipita njia hiyo hiyo kwenda nyumbani. Nimemkuta mara ngapi sijui, kofia ngumu kichwani, anaisukuma kwa heshima kama anasindikiza mgeni. Mara ya kwanza nilisimama nikamshangaa.

"Mzee! Wewe? Wewe wa vijiti na chupa?"

"Shida iko wapi, binti? Pikipiki ikizimika, nashuka."

Akaendelea kusukuma. Nimefundisha watu wengi tangu hapo, na sijapata kusikia somo la usalama wa anga lililofupishwa namna ile.

Na ndege hakuwahi kuipanda. Miaka yote hiyo, hata ile ya majaribio ya kuzunguka juu ya mji na kurudi. Bosi alimpa nafasi ya bure kwenda Dar, akakataa. Tulimuuliza anaogopa nini, na yeye anajua tangi lina kiasi gani mpaka kwenye tone.

"Mimi najua nilichowawekea," alisema. "Wao wanachokifanya nacho huko juu, sikijui."

Msidhani hakukosea. Kuna harusi ya jirani yake walimpa kamati ya chakula, wakisema nani atapiga hesabu kumshinda yeye. Akapima mchele kwa kadi zilizotoka, nyama kwa kadi, soda kwa kadi. Kumbe Nkuhungu nzima ilikuwa inakuja, wenye kadi na wenye macho. Pilau ikaisha meza za nyuma hazijaguswa. Watu walianza kunong'ona kwamba wapishi wameficha chakula. Mzee akaenda mbele, akamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti: "Wapishi hawana kosa. Nilipiga hesabu ya kufika, nikasahau ya akiba. Ndege nisingeifanyia hivi, nyinyi nimewafanyia. Kosa ni langu." Akarudisha kipaza sauti, akakaa. Nilikuwa meza ya nyuma, nina njaa, na nilimheshimu kuliko bwana harusi. Ningekuwa na akili ningejifunza pale pale.

Sasa nije kwenye siku yangu.

Kampuni ilileta ndege ya nne, kubwa kidogo. Zile tatu za zamani, mishale ya mafuta mbele ya rubani ilisoma lita. Hii mpya ilisoma paundi, yaani uzito, na paundi ni pungufu ya nusu kilo. Wote tuliambiwa. Bosi alitukusanya akatuambia, tukatikisa vichwa, tukanywa chai. Asubuhi moja ndege hiyo ilitoka matengenezo tangi likiwa karibu tupu, na ilikuwa iwapeleke Kigoma wageni watatu wakubwa wanaotaka kutupa mkataba wa mwaka mzima. Kapteni aliyepangiwa ni wa zile za zamani. Alikuwa hotelini anakunywa chai na wageni, akanipigia simu.

"Mama, weka mia sita. Niko na wakubwa, nakuja moja kwa moja kuruka."

Sikuuliza mia sita nini. Nilijiambia, ndege ni ya paundi, basi ni paundi. Nikaandika kwa mkono wangu, herufi kubwa nzuri: PAUNDI 600. Nikampelekea mzee karatasi. Bawani hatukusimama, nilimwambia leo hakuna nafasi.

Akaisoma. Akaangalia mstari wa chini ulioandikwa Kigoma. Nikaona midomo inapiga hesabu.

"Hizi ni saa moja na dakika arobaini na kitu," alisema. "Kigoma ni saa mbili zimezidi. Hawa watashukia wapi, msituni?"

"Mzee, weka tu. Kapteni mwenyewe kasema mia sita."

"Mia sita nini?"

"Mzee, tafadhali."

"Wewe unajua au unadhani?"

Akakaa kwenye ngazi yake, akakunja mikono. Nikamwambia bosi atatuua. Akasema afadhali bosi. Nikampigia Kapteni, simu haipokelewi, ameizima kwa heshima ya wakubwa. Ilibidi dereva atumwe hotelini. Mpaka Kapteni alipofika amefura, na wageni nyuma yake wanatazama saa, zaidi ya saa nzima ilikuwa imekwenda.

"Lita!" Kapteni alipiga kelele pale chini ya bawa. "Nilisema mia sita, mimi siku zote natumia lita!"

"Sasa nimesikia," alisema mzee, na akafungua bomba.

Ndege ikaruka na mafuta yake, ikafika. Hebu fikiria ingekuwaje. Zingewekwa paundi mia sita, ambazo ni kama lita mia tatu na arobaini tu, Kapteni angekaa kitini, angeangalia mshale, mshale ungemwonyesha mia sita, namba ile ile aliyoiagiza, na angeridhika. Angeruka na abiria wake akiwa na amani moyoni, na mafuta yangekwisha juu ya misitu ya magharibi. Roho nne.

Lakini wageni hawakujua hayo. Walichojua ni kwamba wamechelewa mkutano. Jioni walipiga simu kwamba mkataba hawautaki. Bosi akaitisha kikao, akataka karatasi ya mafuta mezani.

Karatasi ilikuwa kwangu. Nilikuwa na mwanangu mdogo na kazi ya miezi minane tu. Hizo ni sababu, si udhuru. Nilifunga mlango wa ofisi, nikachana ile karatasi vipande vidogo, nikaandika nyingine: LITA 600. Herufi kubwa nzuri zile zile. Nikaingia kwenye kikao nikaiweka mezani.

Bosi akamsukumia mzee. "Soma."

Mzee akaishika. Ile ya kwanza ilikuwa na alama ya dole gumba lake, la mafuta. Hii ilikuwa safi kama imetoka dukani. Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. Akaniangalia. Hakuniangalia kwa hasira, ningependa ingekuwa hasira.

"Hapa imeandikwa lita," akasema.

"Wewe asubuhi ulisoma paundi?"

"Asubuhi nilisoma paundi."

Kikao kikapata jibu lake. Macho. Mzee amezeeka, haoni, ametupotezea mkataba. Wakamwandikia barua ya kupumzishwa, yenye maneno mengi ya shukrani. Alikabidhi vijiti kimoja kimoja, akanieleza kila kimoja ni cha ndege gani, akanifanya nirudie. Nikarudia. Akasema, "Vizuri, binti." Akaenda zake.

Mimi nikapandishwa cheo. Mnaona mambo hayo? Leo mimi ndiye mkufunzi wa usalama wa kampuni. Kampuni imekua, tunajiandaa kuhamia kiwanja kipya cha Msalato, kuna makarani wapya, wajaza mafuta wapya, na mimi ndiye nawafundisha wasikosee mafuta. Nawafundisha kusimama bawani. Nawaambia ndege haili lita, inakula saa, na wanaandika kwenye madaftari. Binti mmoja aliniuliza, "Madam, maneno mazuri hivi umeyatoa wapi?" Nikamjibu, "Uzoefu."

Na somo la tatu, picha ukutani, ni kisa cha mjaza mafuta mmoja mzee ambaye macho hafifu yalimfanya asome paundi badala ya lita. Ndiyo. Nimelifundisha mwenyewe, kwa kijiti cha kuonyeshea, kila kundi jipya. Niliwaambia funzo lake ni kupima macho kila mwaka.

Mwezi uliopita binti yule yule, karani mzuri, mwepesi, alipeleka karatasi imeandikwa namba tupu, bila kipimo. Iligundulika bado mapema. Nilipomwita kumkaripia alinishangaa kweli kweli.

"Lakini madam, mimi macho yangu ni mazima. Nilipima juzi."

Jumamosi ile nilipanda gari nikaenda Mvumi, maana nilisikia ndiko aliko, na zabibu zake.

Nilimkuta shambani kati ya mistari ya mizabibu, bomba la dawa mgongoni, kichupa mkononi. Amekonda kidogo. Alikuwa anasoma maelezo kwenye kile kichupa, maandishi madogo mno, mimi ningehitaji miwani na taa. Alikuwa anayasoma kwa sauti, bila miwani: mililita kadhaa kwa lita ishirini za maji, usipulizie upepo ukiwa mkali. Nilisimama nikasikiliza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba! Nani huyo? Ee, binti wa karatasi!" Akacheka, akaweka bomba chini. "Karibu. Umeletwa na nini Mvumi, una mgonjwa hospitali?"

"Nimekuja kwako."

Nikasema yote. Sikupamba. Nilisema kuchana, nilisema kuandika upya, nilisema na somo la tatu na picha ukutani. Nililia, na yeye aliacha nilie bila kunibembeleza, akawa anakung'uta majani.

"Ule ukweli wa karatasi nilikuwa nao," alisema mwishowe. "Niliona ni nyingine."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unatetemeka. Nikajisemea, huyu atasema mwenyewe kesho. Kesho ikapita. Nikasema basi wiki ijayo. Simu yangu nilikuwa nalala nayo, mke wangu akadhani nimepata mwanamke." Akang'oa jani kavu. "Nilikusubiri, binti. Nilidhani. Na mimi nilivyokuwa nawakataza watu kudhani."

Lo. Angenichapa kofi ingeuma kidogo kuliko hivyo.

"Nisamehe, mzee."

"Hilo la kwangu na kwako nimelimaliza zamani, mtu hawezi kulima akiwa amelibeba. Hilo la picha ukutani ndilo silielewi. Unawaambia watu kosa lilikuwa macho ya mzee. Sasa wamepata vijana wenye macho, wamelala usingizi. Namba tupu inaruka."

"Jumatatu nitawaambia wote."

"Leo hamna ndege zinazoruka?"

"Ziko mbili."

"Basi Jumatatu ni mbali."

Mtandao wa Mvumi huwa unasumbua. Siku ile ulikuwa umejaa, mistari yote. Nikampigia bosi nikiwa nimesimama kwenye tuta, mzee mbele yangu amekaa juu ya debe. Nikamwambia aliyeandika paundi ni mimi, karatasi ya kikao niliiandika baadaye, mzee alisoma sawasawa, na ndiye aliyeokoa roho nne.

"Uko wapi?" bosi aliuliza.

"Mvumi."

"Umekunywa?"

"Sijanywa, mkurugenzi."

Nikasikia kiti kikivutwa.

"Miaka sita," alisema. "Miaka sita nawahadithia watu kisa cha yule mzee kwenye sherehe." Akakohoa. "Ndege za leo zisimamishwe mpaka karatasi zake zisomwe upya, nitapiga mwenyewe. Jumatatu uje na barua mbili. Moja ya kujieleza, hiyo nitaisoma mimi, na kazi yako sikuahidi. Ya pili ya kumwomba radhi mzee, hiyo utaisoma wewe, mbele ya watu wote, na nakala apelekewe."

Nikakata simu, nikamweleza mzee kila neno. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akainama, akalishika bomba lake la dawa, akalirudisha mgongoni, akafunga mikanda.

"Hiyo nakala yangu," alisema, "waambie wasiikuze maandishi."